Sahani ya Mwenye Gauti

Gauti, au jongo, ni ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki iliyozidi katika damu. Asidi hiyo haitoki nje kama sumu. Mwili wenyewe huitengeneza kila siku unapovunjavunja purini, kemikali zilizomo ndani ya kila seli, iwe ya mtu mwenyewe au ya mnyama na mmea anaoula. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoigeuza asidi ya yuriki kuwa kitu chepesi kuyeyuka. Binadamu hana. Hutegemea figo zitoe kiasi cha theluthi mbili kwa njia ya mkojo, na utumbo utoe iliyobaki. Figo zikilegea katika kazi hiyo, asidi hurundikana. Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu hukataa kuyeyuka, kama chumvi inayotuama chini ya glasi maji yakishashiba, na huanza kujenga fuwele nyembamba zenye ncha kali ndani ya viungo.

Vidole vya miguu vina ubaridi kuliko kifua na tumbo, na asidi hii huganda upesi penye ubaridi. Ndiyo sababu shambulio la kwanza mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu, tena usiku wa manane. Kiungo huvimba na kuwaka moto, na uzito wa shuka tu hutosha kumtoa mgonjwa machozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huenda usionekane kabisa. Joto, uvimbe na ngozi iliyotutumka hadi kung'aa ndizo dalili za kutazama. Baada ya wiki moja au mbili maumivu huisha hata bila dawa, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakidhani wamepona, kumbe fuwele zimebaki palepale zikingoja siku nyingine.

Kabla ya kubadili chakula ni lazima kuwa na hakika kwamba ugonjwa ni huo. Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki kila goti linalouma huitwa gauti, na wapo wazee walioacha nyama na maharage kwa miaka mingi ilhali tatizo lao ni kusagika kwa viungo kwa sababu ya umri. Kipimo cha damu husaidia lakini hakitoshi peke yake: watu wengi wana asidi nyingi na hawajawahi kuugua, na wakati wa shambulio lenyewe kiwango huweza kushuka na kuonekana cha kawaida. Kwa hiyo damu hupimwa tena wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kutulia. Ushahidi ulio imara kuliko wote ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuzitazama fuwele kwa hadubini. Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana usaha ndani ya kiungo hufanana sana na gauti na huweza kukiharibu kabisa kwa muda mfupi.

Chakula kina sehemu gani

Theluthi mbili hivi za purini zinazovunjwa mwilini hutokana na seli za mwili wenyewe, zinazokufa na kuzaliwa upya kila siku. Chakula huleta theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba hata mlo mkali kuliko wote kwa kawaida hushusha asidi kwa kiasi cha miligramu 1 kwa desilita, basi. Mwenye kiwango cha 7 anaweza kufika chini ya 6, ambalo ndilo lengo la matibabu, kwa kubadili sahani na kupunguza uzito. Mwenye kiwango cha 10 hawezi, hata akila majani matupu. Huyo anahitaji dawa, na kumwambia kwamba anaumwa kwa sababu ya ulafi ni kumwonea. Watu wengi wenye gauti wamerithi figo zinazotoa asidi kwa uchache, na jirani anayekula nyama mara mbili yao haumwi popote.

Chakula kina nguvu zaidi mahali pengine: katika kuchochea au kuzuia shambulio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwafuatilia wagonjwa 633 na kulinganisha walichokula siku mbili kabla ya shambulio na walichokula siku za salama. Siku ambazo purini zililiwa kwa wingi zaidi, hatari ya kushambuliwa ilikaribia mara tano ya siku ambazo zililiwa kwa uchache. Purini za nyama na samaki zilikuwa na athari kubwa. Za mimea zilikuwa na athari ndogo sana. Tofauti hiyo kati ya mnyama na mmea ndiyo inayopaswa kuongoza jiko la mwenye gauti, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi katika ushauri unaotolewa.

Nyama, supu na samaki

Viungo vya ndani ndivyo vinavyotangulia kwa hatari. Maini, figo, bandama, moyo na utumbo vina seli nyingi zilizobanana, na kwa hiyo purini nyingi. Maini ya kuku hupita miligramu 300 za purini katika kila gramu 100, na ya ng'ombe hupita 200, wakati nyama ya kawaida ya ng'ombe iko karibu na 100. Mutura wa Nairobi, utumbo wa kukaanga, firigisi na rosti ya maini ni vitu vya kuachwa kabisa na mtu ambaye ameshashambuliwa.

Nyama nyekundu si lazima iachwe, ila ipunguzwe: kipande kinachoenea kwenye kiganja bila vidole, siku mbili au tatu kwa wiki, kinatosha. Kuku naye si mwokozi kama wengi wanavyodhani. Purini zake zinakaribiana na za ng'ombe, na anayeacha kilo ya mbuzi ili ale kuku mzima hajabadili kitu. Nyama choma huleta tatizo la wingi zaidi kuliko la moto wa mkaa. Ikiagizwa kwa kilo na kuliwa pamoja na bia kwa saa tatu au nne, mgonjwa humeza kwa usiku mmoja purini za wiki nzima, tena katika hali ambayo pombe inazizuia figo zake zisitoe asidi ya yuriki.

Supu inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowaponza watu wasiojua. Purini huyeyuka katika maji. Nyama ikichemshwa, sehemu ya purini zake huhamia kwenye mchuzi, na kadiri inavyochemka ndivyo mchuzi unavyozidi kuzibeba. Mtu anayekunywa supu ya ng'ombe na chapati mbili kila asubuhi, akiona kwamba amejizuia kwa kuwa hakutafuna nyama, amekunywa sehemu ya nyama ile ambayo angepaswa kuikwepa. Supu ya makongoro hunywewa na wengine kama dawa ya magoti. Kwa mwenye gauti haina faida hiyo, na ikipikwa pamoja na vipande vya nyama au utumbo, kama inavyofanywa mara nyingi, humletea madhara. Vivyo hivyo supu ya pweza ya pwani. Sifa hii ya purini huweza pia kutumika kwa manufaa: nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe, maji yale yamwagwe, kisha ipikwe upya kwa nyanya, vitunguu na viungo. Baadhi ya vitamini hupotea pamoja na maji, lakini mboga zilizo kando ya sahani huzirudisha.

Kwa upande wa samaki, wadogo wanaoliwa wazima pamoja na matumbo yao ndio wenye purini nyingi. Dagaa wakavu wamepoteza maji, hivyo kila kitu ndani yao kimekolea, na kiganja kimoja cha dagaa wakavu huweza kubeba purini nyingi kuliko kipande kikubwa cha sato. Huu ni ukweli mchungu kwa kaya zinazotegemea dagaa, wa ziwani na wa baharini, kama kitoweo cha bei nafuu. Familia haina haja ya kuwaacha. Mgonjwa peke yake apewe maharage au mayai siku hiyo. Kamba na chaza wako katika kundi la kuepukwa, na ngisi hawako mbali nao. Sato, sangara, changu na wengine wa minofu huliwa kwa kipimo kilekile cha kiganja, bila kuongezwa juu ya nyama ya siku hiyo.

Maharage hayana kosa

Ushauri unaosikika zaidi, hata katika baadhi ya zahanati, ni kwamba mwenye gauti aache maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, uyoga na mchicha. Ushauri huo ulitokana na majedwali ya zamani yaliyohesabu purini za kila chakula bila kuangalia yanayowapata wanaokila. Ulipofika wakati wa kuwaangalia watu wenyewe, mambo yalikuwa mengine. Utafiti wa Hyon Choi na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vingi vya baharini walipata gauti zaidi. Waliokula mboga zenye purini nyingi, kunde zikiwemo, hawakupata zaidi ya wengine.

Jambo hili ni zito kwa nchi ambako maharage ndiyo protini ya watu wengi. Kumnyima mgonjwa maharage ni kumsukuma kwenye nyama, ambayo ni ghali na ndiyo inayomdhuru, au kwenye wanga mtupu, ambao humnenepesha na kumpeleka kwenye kisukari. Maharage yaliwe. Mbaazi za nazi, kunde, choroko na njegere ziliwe kwa kiasi cha kawaida. Nazi iwe nyepesi, kwa ajili ya uzito na moyo wala si kwa ajili ya asidi. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki havina katazo. Akiwapo mtu anayeona kwa uzoefu wake kwamba chakula fulani humwamshia maumivu kila mara, na akikiacha yanatulia, ana haki ya kukiacha. Ila kisigeuzwe kuwa sheria kwa wagonjwa wote.

Bia, gongo na soda

Pombe hudhuru kwa njia zaidi ya moja. Ini linapoivunja, asidi ya laktiki huongezeka na kuzizuia figo zisitoe asidi ya yuriki. Mkojo mwingi wa mnywaji huukausha mwili. Bia huongeza kosa la tatu, kwa kuwa ina purini zake yenyewe zinazotokana na nafaka na chachu, na hata bia isiyo na kileo huipandisha asidi kidogo. Ndiyo maana tafiti huiweka bia mbele ya vinywaji vingine vyote kwa hatari, ikifuatiwa na pombe kali. Mvinyo kwa kiasi kidogo haukuonekana kuwapa watu wazima gauti mpya, lakini kwa aliyekwisha kuugua nao huchochea mashambulio.

Pombe za kienyeji haziko nje ya hesabu hii kwa sababu tu ni za asili. Mbege, busaa na komoni hunywewa bila kuchujwa sawasawa, chachu na machicha yakiwa ndani, na chachu ni mojawapo ya vitu vyenye purini nyingi. Gongo na chang'aa hazina purini kwa kuwa zimekenekwa, ila kileo chake peke yake kinatosha kuchochea shambulio, na mitambo iliyoungwa kwa risasi huongeza balaa jingine: risasi huziharibu figo na kuleta gauti ya namna yake. Kusini mwa Marekani madaktari waliwahi kuona wagonjwa wa aina hiyo miongoni mwa wanywaji wa pombe za magendo zilizokenekwa kwa rejeta za magari.

Mgonjwa ambaye bado anashambuliwa aache pombe kabisa. Aliyekwisha kutulia kwa miezi mingi, na asidi yake iko chini ya 6, anaweza kuzungumza na daktari wake juu ya glasi moja kwa nadra.

Asiyekunywa pombe asijione salama akiwa na soda mkononi. Sukari ya mezani ni nusu fruktosi, na fruktosi ni sukari ya pekee kwa kuwa ini likiichakata huzalisha asidi ya yuriki papo hapo. Hata asali, juisi ya miwa, juisi za maboksi na sharubati zenye sukari ya kumimina zina tabia hiyohiyo. Wanaume wanaokunywa soda mbili au zaidi kwa siku wameonekana kuwa na hatari ya gauti karibu mara mbili ya wasiokunywa ila kwa nadra sana. Matunda mazima ni jambo tofauti. Chungwa, papai, pera au kipande cha tikiti huja na nyuzinyuzi, maji na vitamini C, na hakuna anayekula machungwa sita kwa dakika moja kama anavyoyanywa yakishakamuliwa. Chai yenyewe haina madhara. Vijiko vinne vya sukari ndani ya kikombe ndivyo vya kupunguza.

Vinavyofaa

Maziwa na mayai yana purini kidogo sana, karibu na sifuri kwa mayai. Maziwa hufanya zaidi ya kutokudhuru: protini zake huzisaidia figo kutoa asidi, na wanaokunywa maziwa yaliyopunguzwa mafuta wameonekana kuugua kwa uchache. Mtindi au maziwa mgando, kikombe kimoja au viwili kwa siku, yaliyoenguliwa mafuta na bila sukari, ni kitoweo bora kwa mwenye gauti kuliko kipande cha nyama. Kahawa nayo imehusishwa na asidi ya chini, jambo jema kwa Kagera na kwa vijiwe vya kahawa chungu vya pwani. Si sababu ya asiyeizoea kuianza.

Ugali, wali, viazi vitamu, mihogo, ndizi na uji wa ulezi vina purini kidogo. Dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa huyeyuka taratibu tumboni na kushibisha. Maji ya kunywa lita mbili au zaidi kwa siku, na zaidi ya hapo kwenye joto na kazi za jua, husaidia figo na kuzuia mawe ya asidi ya yuriki. Mwenye moyo ulioshindwa au figo zilizochoka afuate kiasi alichopewa hospitalini badala ya hiki.

Siku ya kawaida inaweza kuanza kwa uji wa mtama wenye maziwa, au yai la kuchemsha na viazi vitamu. Mchana ugali wa dona kwa maharage na matembele, kisha chungwa. Jioni wali kidogo, kipande kimoja cha samaki au mbaazi, kachumbari ya kutosha, na mtindi. Hapana kitu cha ajabu humo wala cha kuagizwa kutoka ng'ambo, na familia nzima inaweza kula chungu kimoja.

Uzito, mfungo na sikukuu

Kwa aliyenenepa, kupunguza uzito hushusha asidi kuliko kukwepa chakula chochote kimoja. Lakini upunguzwe polepole. Anayejinyima chakula kwa siku kadhaa, au anayekula nyama tupu bila wanga ili apungue haraka, huzalisha ketoni zinazoshindana na asidi ya yuriki kwenye figo, na shambulio humjia katikati ya juhudi zake. Kilo mbili kwa mwezi, kwa kutembea kila siku na kupunguza sukari na mafuta, ni mwendo mzuri.

Mwezi wa Ramadhani, maji yagawanywe kati ya futari na daku badala ya kunywewa yote kwa mara moja. Tende mbili tatu hazina neno. Jagi la sharubati ndilo lenye neno. Anayetumia dawa apange saa zake na daktari kabla ya mwezi kuandama. Idi, Krismasi na harusi zenye ndafu ni siku za kupanga mapema: mgonjwa ale nusu ya nyama anayopewa, asiguse maini wala mchuzi, anywe maji, na kesho yake asile kiporo cha nyama ileile.

Shambulio na dawa

Shambulio likianza, chakula hakilizimi. Kiungo kipumzishwe na kuinuliwa, kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na mgonjwa apate dawa ya maumivu mapema iwezekanavyo: ibuprofeni na jamii yake, kolchisini, au prednisoloni, kulingana na hali ya figo, tumbo na sukari yake. Aliye na vidonda vya tumbo au figo mbovu asijinunulie ibuprofeni dukani.

Dawa ya kushusha asidi ni nyingine, na inayopatikana zaidi ni alopurinoli. Huanzwa kwa miligramu 100 au chini kwa siku na kuongezwa taratibu hadi kipimo kiwe chini ya 6, ambayo ni sawa na mikromoli 360 kwa lita katika maabara zinazotumia kizio hicho. Miezi ya kwanza mashambulio huweza kuongezeka kwa sababu fuwele zinaanza kuyeyuka, na wengi huitupa dawa hapo wakidhani inawadhuru. Aliyekwisha kuizoea asiiache wakati wa shambulio. Upele ukitokea, hasa wenye homa au vidonda mdomoni, iachwe mara moja na mgonjwa aende hospitali, maana upele huo huweza kuua.

Orodha ya dawa zote ipelekwe kwa daktari. Hidroklorothiazidi ya shinikizo la damu na aspirini ya kila siku hupandisha asidi. Pirazinamidi ya kifua kikuu huipandisha sana. Hakuna inayopaswa kuachwa kwa uamuzi wa mgonjwa, na ya kifua kikuu hata kidogo, lakini kwa shinikizo la damu daktari huweza kubadilisha na kutoa losatani, ambayo huishusha asidi kidogo.

Asidi ikishafika lengo, damu hupimwa kila miezi sita pamoja na figo, sukari na shinikizo, kwa kuwa magonjwa haya huambatana. Dawa huendelea hata miaka ikipita bila maumivu. Kiwango kikibaki chini ya 6, fuwele za zamani huyeyuka kidogo kidogo, na kwa mwenye mafundo magumu chini ya ngozi ya vidole, viwiko au masikio lengo hushushwa hadi chini ya 5 ili nayo yapungue upesi zaidi.